Ruta ya nyumbani: tuipime nyumba kabla ya kununua



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Masahaba wake.

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita, baada ya darasa la akina mama msikitini kwetu, mama mmoja alituomba ushauri. Mumewe yuko kazini Muscat, binti yao mkubwa yuko kidato cha nne, na wadogo zake wawili bado wako shule ya msingi. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, naye alikusudia fedha zile zinunue Wi-Fi ya nyumbani, ili watoto wasome na baba yao aweze kuzungumza nao kila jioni bila sauti kukatikakatika. Muuzaji alimshauri achukue ruta yenye antena sita, ya bei ya juu kuliko zote dukani, akamhakikishia kuwa hiyo haikwami kamwe. Mama yule akatuuliza: je, niichukue?

Tulimwomba asubiri. Huenda kifaa kile ni kizuri, lakini muuzaji hakuwa ameiona nyumba yake, wala sisi hatukuwa tumeiona. Fedha za upatu ni fedha za jasho, na kuzitumia kwa kitu kisichohitajika ni israfu hata kama kitu chenyewe ni halali. Kwa kuwa swali hili tunaulizwa na familia nyingi siku hizi, tumeona tulijibu hapa kwa urefu kidogo.

Mtandao wa nje na mtandao wa ndani

Kosa la kwanza tunalolifanya wengi ni kuchanganya vitu viwili. Kuna mtandao unaotoka nje mpaka ukafika nyumbani, na kuna Wi-Fi inayousambaza humo ndani. Mfano wake ni maji. Bomba la mtaani likikauka, hata ukinunua ndoo kubwa namna gani, hutapata maji. Na bomba likitoka vizuri, ndoo iliyotoboka itakurudisha pale pale.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku zile hakuna ruta ya nyumbani ambayo ingeweza kuleta nafuu, iwe ya bei ya juu au ya chini. Hata hivyo tuliwaona watu wakizilaumu ruta zao, wengine wakaenda kununua mpya.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, kisha pima kasi kwa programu yoyote ya kupimia iliyoko kwenye simu. Ikiwa hapo hapo kasi ni ndogo, tatizo huenda liko nje: ni kifurushi, ni mnara, au ni kampuni inayokuuzia huduma. Ikiwa hapo kasi ni nzuri lakini chumba cha mwisho hakipati kitu, tatizo liko ndani ya nyumba, na hilo ndilo ruta au mahali pake panapoweza kulitibu.

Ni muhimu pia kujua tunahitaji kasi kiasi gani. Mazungumzo ya video hutosheka na megabiti moja hadi tatu kwa sekunde. Darasa la video lenye picha safi huhitaji kama megabiti tano. Familia ya watu watano, wakitumia wote kwa pamoja, huenda vizuri kwa megabiti 20. Ukilipia megabiti 20, hakuna ruta duniani itakayozigeuza kuwa 100. Kazi yake ni kukufikishia zile 20 ulizolipia bila kuzipoteza njiani.

Nyumba ina kauli yake

Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika kila yanapopita ukuta. Tofali za saruji huyapunguza, zege yenye nondo huyapunguza zaidi, na mabati, vioo vikubwa vya kujitazamia na tangi la maji huyazuia au kuyarudisha yalikotoka. Ndugu zetu wa Mji Mkongwe, Unguja, wanalijua hili kuliko sote. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo nyingi hufikia unene wa nusu mita, zimewahifadhi watu na joto kwa karne nyingi, lakini ruta iliyoko sebuleni mara nyingi haisikiki chumba cha pili.

Ruta nyingi za sasa hutumia masafa mawili. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo, na huingiliwa na Wi-Fi za majirani pamoja na oveni ya maikrowevu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini huchoka mapema yakikutana na kuta. Kwa hiyo ruta yenye masafa yote mawili ndiyo ya kutafuta: simu iliyo karibu itumie 5, na iliyo chumba cha mbali itumie 2.4.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko idadi ya antena. Iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati au kwenye rafu ya ukutani kwenye usawa wa kichwa cha mtu mzima, mahali pa wazi penye hewa. Isiwekwe sakafuni, nyuma ya friji, wala ndani ya kabati la televisheni pamoja na king'amuzi. Tumeona nyumba ambayo ruta ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi. Nia ilikuwa njema, lakini kifaa kile hutoa joto na kinahitaji kupumua.

Wanaotumia ruta ya laini wana mtihani wa ziada. Ruta hiyo hupokea mawimbi kutoka mnarani, kwa hiyo huipenda sehemu ya karibu na dirisha linaloelekea mnara, ilhali Wi-Fi yake inahitajika katikati ya nyumba. Jaribu madirisha yote, moja baada ya jingine, upime kila pahala. Dirisha bora likiwa pembeni mno, iache ruta hapo, kisha vuta waya wa mtandao mpaka kifaa cha pili kilicho katikati ya nyumba. Waya huo unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kasi.

Kwa nyumba ya ghorofa, au ile yenye kuta nene na vyumba vingi, kuna mfumo wa meshi: vifaa viwili au vitatu vinavyosaidiana na kutoa Wi-Fi ya jina moja, mtu akihama chumba simu yake nayo huhamia kifaa kilicho karibu. Ni mfumo mzuri, na huwa bora zaidi vifaa hivyo vikiunganishwa kwa waya. Viongeza mawimbi vya bei nafuu, vile vya kuchomeka kwenye soketi, husaidia kufika mbali, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa sababu hupokea na kutuma kwa masafa yale yale. Na kumbuka kuwa kiongeza mawimbi hakiongezi kitu kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufa. Kiweke nusu ya njia.

Kusoma boksi bila kudanganyika

Boksi la ruta lina maneno mengi, lakini machache ndiyo ya kuangaliwa. La kwanza ni kizazi chake. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009, Wi-Fi 5 ni ya 2013, na Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa kwenye vifaa mwaka 2019. Kwa nyumba ya leo, Wi-Fi 5 inatosha, na Wi-Fi 6 ni bora kama watumiaji ni wengi, maana imetengenezwa kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja. Wi-Fi 7 imekwisha kuingia sokoni, lakini nyumba ambayo simu zake hazina uwezo huo itakuwa imelipia kitu isichokitumia.

La pili ni ile namba kubwa. Ukiona AX1800, usidhani simu yako itapata kasi ya 1800. Ni jumla ya masafa mawili, takriban 574 ya upande wa 2.4 na 1201 ya upande wa 5, katika hali ambayo nyumba zetu haziifikii.

La tatu ni matundu ya waya. Mengine mwisho wake ni megabiti 100, mengine 1000. Anayelipia faiba ya kasi inayozidi 100 asinunue ruta ya tundu la 100, atakuwa amejifungia bomba mwenyewe.

La nne, kwa ruta za laini, uliza kama imefungwa kwa kampuni moja. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya promosheni hazikubali laini nyingine, na ukihama mtaa ukakuta mnara wa kampuni ile ni dhaifu, kifaa kinabaki pambo.

La tano, uliza kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu ya ndani ya ruta hiyo. Ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake ni kama kitasa ambacho funguo zake zimekwisha kuzagaa. Hili liangaliwe hasa kwa vifaa vilivyotumika, ambavyo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Aidha, kifaa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na risiti yake ihifadhiwe.

Umeme, na somo lililotugharimu

Hapa tunaomba radhi kusimulia la nyumbani kwetu. Baba yetu, Allah amrehemu, alipokuwa mgonjwa, dada yetu aliyeolewa ng'ambo alikuwa akimwona kwa video kila siku baada ya Maghrib. Tulikuwa na ruta nzuri, ya gharama, na tulijisifu nayo. Usiku wake wa mwisho umeme ulikatika mtaani kwetu saa mbili, na ruta ikazima. Simu zetu hazikuwa na vifurushi, kwa sababu tulizoea kutegemea ya nyumbani. Dada alipiga akakosa, akapiga tena akakosa. Tulipompata ilikuwa baada ya Alfajiri, na mzee alikuwa amekwisha tangulia.

Mauti yana wakati wake, hayangojei mtandao, na sisi tumeridhika na qadari ya Mola wetu. Lakini uzembe ulikuwa wetu. Tuliulizia kasi, tukaulizia antena, hatukuulizia umeme.

Ruta nyingi za nyumbani hutumia umeme mdogo sana, aghalabu volti 12 na ampea moja au moja na nusu, na matumizi yake halisi huwa kama wati 8. Betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta, yenye wati-saa 37, ambayo boksi lake huandikwa miliampea 10,000, itaiendesha saa tatu hadi nne. Umeme ukikatika, ruta haitambui. Angalia tu kwamba volti za betri ni zile zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako, maana ziko ruta za volti 9 na za volti 5, na kuzikosea ni kuunguza kifaa. Wenye faiba wakumbuke kile kifaa kidogo kinachopokea waya wa faiba ukutani. Nacho kinahitaji umeme, kwa hiyo betri ihudumie vyote viwili.

Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo anunue ruta ya kawaida pamoja na betri, kuliko ruta ya kifahari peke yake.

Khiyari: haki ambayo wanunuzi wameisahau

Sheria yetu imempa mnunuzi njia ambayo wengi hatuitumii. Fiqhi inatambua khiyari ya aibu: kitu kikibainika kuwa na kasoro iliyofichika tangu kwa muuzaji, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Na inatambua khiyari ya sharti, ambapo wawili hao wanakubaliana tangu mwanzo kwamba mnunuzi ana muda wa kufikiri na kujaribu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, muda huo hauzidi siku 3.

Siku 3 zinatosha kabisa kuijaribu ruta. Basi kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji kwa upole: ninaichukua kwa khiyari ya siku 3, isipofaa nyumbani kwangu nitairudisha ikiwa nzima na boksi lake. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikataa, ni haki yake pia, nawe utachagua duka jingine. Katika siku hizo, jaribu kila chumba, asubuhi na usiku, hasa saa mbili hadi saa nne usiku ambapo mtaa mzima huwa mtandaoni.

Mlango huu una funguo

Sura ya An-Nur inatufundisha adabu ya kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Hata watoto wetu wenyewe wamewekewa nyakati tatu ambazo hawaingii vyumbani bila ruhusa: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya swala ya Isha. Dini iliyouchunga mlango wa mbao kiasi hicho haiwezi kuuacha wazi mlango ambao dunia nzima hupita.

Siku ya kwanza ruta inapowashwa, yafanywe haya. Badilisha neno la siri la Wi-Fi, na badilisha pia lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambalo ni jingine na ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi za majumbani ulimwenguni kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama simu zenu ni za zamani, na zima kitufe cha WPS, ambacho udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Kisha fungua mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, ili mgeni akaribishwe bila kukabidhiwa ufunguo wa nyumba.

Hili la mwisho tulijifunza madrasa. Kamati ilinunua Wi-Fi kwa ajili ya walimu, tukampa neno la siri kijana mmoja ili atusaidie kufunga kompyuta. Kifurushi cha mwezi kiliisha siku ya 11. Tulipochunguza, tulikuta vibaraza vyote vya jirani vimejaa vijana baada ya Isha, nasi tulikuwa tumefurahi kuwaona karibu na msikiti! Wengi wao hawakujua kuwa wanakula haki ya mtu. Tunalisema wazi: kutumia Wi-Fi ya jirani bila idhini yake ni kutumia mali yake, kwa kuwa ameilipia. Akikuruhusu, ni hisani yake, na mshukuru.

Kuhusu watoto, ruta nyingi zina sehemu ya udhibiti wa wazazi, ambapo unaweza kupanga simu ya mtoto ikatike saa unayotaka na irudi asubuhi. Tena kuna njia isiyo na gharama. Kwenye mipangilio ya ruta kuna sehemu iitwayo DNS, ambayo ni mfano wa karani anayeelekeza kila ombi la tovuti liende wapi. Kampuni ya Cloudflare, tangu mwaka 2020, inatoa karani wa bure anayekataa tovuti chafu na zile zenye virusi. Anwani zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ziandike hapo mara moja, na kila kifaa kinachotumia Wi-Fi hiyo kitapita kwenye kichujio hicho.

Lakini tusijidanganye. Kichujio hicho hakioni kila kitu, hasa ndani ya mitandao ya kijamii, na kijana mwenye kifurushi chake simuni anaupita mlango huu kwa pembeni. Ruta humsaidia mzazi, haimlei mtoto. Malezi yanabaki kuwa mazungumzo, mfano mwema na dua, na baba anayekesha na simu yake chumbani hana kauli ya kumwambia mwanawe azime.

Alichonunua mama yule

Tulikwenda kuiona nyumba, tukiwa na mwalimu wa madrasa na shemeji yake mwenye nyumba. Ni nyumba ya vyumba vinne, kuta za tofali, ukumbi umepita katikati. Tulipima kwa ruta ya kuazima: ilipowekwa sebuleni kwenye kona, chumba cha binti hakikupata kitu. Ilipotundikwa ukumbini juu ya mlango, vyumba vyote vinne vilipata.

Akanunua ruta ya Wi-Fi 6 ya kawaida, yenye antena mbili za laini na masafa yote mawili, isiyofungwa kwa kampuni, kwa khiyari ya siku 3. Akanunua na betri yake. Gharama ya vyote viwili haikufika bei ya ile ya antena sita, na kilichobaki kimelipia masomo ya ziada ya binti anayejiandaa na mtihani wa taifa.

Juzi umeme ulikatika mtaani kwao baada ya Maghrib. Mumewe, akiwa Muscat, alikuwa akimsikiliza mtoto mdogo akisoma Surat Al-Mulk. Mama anasema walibaki gizani wakiangazwa na taa ya ruta, na mtoto akaimaliza sura.

Allah azijaalie nyumba zetu kuwa za salama na utulivu, atuunganishe na jamaa zetu walio mbali, na atuwezeshe kuzichunga amana alizotukabidhi.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.